Mgeni Mwilini, Mkazi Kundini

Mwaka 2003 hapakuwa na daktari yeyote duniani aliyewahi kulisikia jina la MERS, homa ya mapafu inayoletwa na kirusi. Ilibaki miaka tisa kabla Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Jeddah, hajakuta kirusi kigeni kwenye makohozi ya mgonjwa wa miaka 60, aliyefariki Juni 2012 mapafu na figo vikiwa vimeshindwa kazi. Lakini mwaka huo wa 2003, katika Falme za Kiarabu, ngamia walitolewa damu, maji ya damu yakatengwa na kugandishwa. Sampuli 151 za mwaka huo zilikaa baridini hadi ugonjwa ulipopata jina. Mwaka 2014 wataalamu wa Maabara Kuu ya Utafiti wa Mifugo ya Dubai, wakishirikiana na wenzao wa Bonn, Ujerumani, walitoa majibu yao. Walikuwa wamezipima sampuli hizo kuukuu pamoja na nyingine 500 za mwaka 2013. Kati ya zote 651, zilizokutwa na kingamwili dhidi ya kirusi cha MERS zilikuwa 632, yaani asilimia 97. Na zile 151 za mwaka 2003 zilikuwa nazo zote, haikubaki hata moja.

Kingamwili si kirusi. Ni nyayo mlangoni: zinaonyesha kwamba mwizi alipita, hazisemi kama bado yumo ndani. Ndiyo maana majibu yale, pamoja na uzito wake, yalifunga swali moja na kufungua jingine gumu zaidi. Ilijulikana sasa kwamba ngamia wa Ghuba walikuwa wakiambukizwa miaka mingi kabla ya binadamu wa kwanza kulazwa. Haikujulikana kirusi kilikuwa kikikaa wapi muda wote huo. Jibu linalokuja upesi mdomoni ni kwamba ngamia ni wabebaji: kila mnyama ana kirusi chake mwilini, anatembea nacho maisha yake yote kama anavyotembea na nundu. Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo limeelekeza kidole mahali pasipo. Kwa ushahidi uliokusanywa Dubai na kwingineko, ndani ya ngamia mmoja kirusi cha MERS ni mgeni wa siku chache tu. Makazi yake ni kundi. Anayeichanganya miili na kundi atatafuta dawa isiyokuwapo na kumchinja mnyama asiye na kosa.

Tuanze na maumbile ya virusi vyenyewe. Virusi vya RNA vimeandikwa kwa maandishi yanayoharibika upesi. Kimeng'enya kinachonakili RNA hukosea mara kwa mara, na kwa virusi vingi vya aina hii hakuna mhariri wa kuyapitia makosa. Virusi vya korona, ukoo ambao MERS imo, vina maandishi marefu mno, herufi zipatazo 30,000, na vimejaliwa kimeng'enya cha kusahihisha sehemu ya makosa hayo; bila hicho, waraka mrefu kiasi hicho ungechakaa baada ya vizazi vichache. Tena, ukiacha VVU na jamaa zake, virusi vya RNA havina desturi ya kujiandika ndani ya DNA ya mwenyeji. Wala havilali kimya kwenye neva kama kile cha tetekuwanga, ambacho ni cha DNA. Kwa kawaida inavibidi vinakiliwe bila kupumzika, na kunakiliwa bila kupumzika ni kupiga makelele mbele ya mlinzi. Kwa hesabu hiyo ungetarajia kila kirusi cha RNA kiingie, kifanye fujo yake, kisha kifukuzwe. Vingi ndivyo vinavyofanya. Lakini viko vilivyopata hila ya kubaki ndani ya mwili, na hivyo ndivyo vilivyotuzoesha neno mbebaji.

Homa ya ini aina ya C hubaki kwa zaidi ya nusu ya wanaoambukizwa, miaka na miongo, na silaha yake ni yale yale makosa ya kunakili: kirusi hubadilisha sura upesi kuliko kingamwili zinavyoweza kukifuata. Ebola ina mbinu nyingine. Hujificha mahali ambapo kinga ya mwili hukanyaga polepole kwa kuchelea kuharibu kiungo: jichoni, kwenye ubongo, kwenye korodani. Mwaka 2021 Ebola ilipozuka upya Guinea, maandishi yake yalifanana mno na yale ya mlipuko wa 2014 hadi 2016. Kirusi kilichokuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu kwa miaka yote hiyo kingekusanya mabadiliko mengi zaidi. Hiki kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu aliyepona. Mwaka huo huo, upande wa Butembo, Kivu Kaskazini, mlipuko mwingine ulihusishwa na mtu aliyenusurika katika ule wa 2018 hadi 2020. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo hukaa kooni mwa nyati: imethibitishwa kwamba nyati mmoja aweza kukitunza kwa miaka isiyopungua 5, na kundi lililotengwa likakitunza kwa miaka isiyopungua 24. Homa ya Bonde la Ufa nayo haihitaji hata mnyama wa kulala ndani yake. Nchini Kenya, miaka ya 1980, watafiti walichota viluwiluwi kwenye mabonde yaliyofurika, wakawakuza hadi wakawa mbu, na ndani ya mbu hao ambao hawakuwahi kuuma mnyama yeyote wakakikuta kirusi. Walikuwa wamekirithi kwa mama, kupitia yai. Yai la mbu wa aina hiyo hustahimili ukame kwenye udongo likisubiri mvua.

Hiyo ni mifano ya kujificha. Iko njia ya pili ya kudumu, isiyo na maficho hata kidogo, na mfano wake wa zamani tunaoujua vizuri ni surua. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, baada ya kutoonekana huko kwa miaka 65. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alitumwa kwenda kuitazama. Kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua. Wazee waliowahi kuugua mwaka 1781 hawakuguswa. Wengi humtaja Panum kwa sababu ya wazee hao, kwani walithibitisha kwamba kinga ya surua hudumu maisha yote. Kwangu mimi somo zito liko upande wa pili: kwa miaka 65 wazee hao waliishi, walikula na kulala pamoja na watoto wasio na kinga, na hakuna mtoto aliyeambukizwa. Kirusi hakikuwa ndani ya mzee yeyote. Kilikwisha kisiwani kwa kukosa mtu. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba surua haidumu yenyewe mahali penye watu chini ya laki kadhaa, kwa sababu huhitaji watoto wapya wanaozaliwa kila wiki, kama vile moto wa kuni unavyohitaji mtu wa kusukumiza kijinga kingine kabla cha kwanza hakijawa majivu.

Sasa turudi Dubai. Kirusi cha MERS ni cha njia ipi? Swali hili lina jibu la kupimika, kwani kila njia ina alama zake. Kama ni cha kujificha, ngamia wazima waliojaa kingamwili wangekutwa nacho mara kwa mara, wakubwa sawa na wadogo. Kama ni cha kupita, kingekutwa kwa wale ambao hawajawahi kukiona, kwa vipindi, kisha kipotee. Ulrich Wernery na wenzake wa maabara ile ile ya Dubai walichunguza ngamia zaidi ya 800 wa rika zote, pamoja na jozi 15 za mama na ndama, na mwaka 2015 wakatoa hukumu isiyo na utata: maambukizi haya ni ya ghafla, huja kwa mkupuo, huisha kwa wakati, na huwapata ngamia walio chini ya miaka 4, hasa ndama. Huko Marekani ngamia watatu walikuwa wameambukizwa kwa makusudi kwenye maabara. Walitokwa na kamasi, joto likapanda kidogo, wakaendelea kula. Kirusi hai kilipatikana puani mwao kwa takriban wiki moja. Mabaki ya RNA yake yaliendelea kuonekana hadi siku ya 35, jambo linalowachanganya wengi, kwa sababu kipimo husoma maandishi bila kujua kama mwandishi yu hai. Wiki moja ya kirusi hai kwa mnyama anayeishi miaka 30 na zaidi! Mgeni wa namna hiyo hawezi kuitwa mkazi.

Lakini kundi halipumziki, na ukilitazama kwa karibu utaona kwa nini. Ngamia jike hubeba mimba kwa miezi kama 13 na huzaa kipindi cha baridi, kwa hiyo mazizi ya Dubai hujaa ndama kwa pamoja. Kamusi zetu zina jina zuri la ndama wa ngamia, nirigi, ambalo sasa ni wachache wanaolitumia. Nirigi huzaliwa mtupu wa kinga, kwani kondo la ngamia halipitishi kingamwili. Kinga yote ya mwanzo huinywa kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza. Katika kundi la ngamia wa maziwa, watafiti walifuatilia jozi 11 za mama na ndama tangu uzazi, wakaona kingamwili za kuazima zikififia na kwisha ndama anapofikisha miezi 5 hadi 6. Hapo ndipo mlango unapobaki wazi. Kundi zima la wanyama wa rika moja hupoteza ngao yao ndani ya wiki chache, na wakati huo tayari wanagusana pua kwa pua kwenye hori moja la chakula. Kirusi huingia kwa mmoja, kikapita kwa wote, na kwa kuwa zizi la jirani lilizaa mapema kidogo au kuchelewa kidogo, kikitoka hapa kinakuta pengine pamewiva.

Pua yenyewe ina sehemu yake katika kisa hiki. Kirusi cha MERS huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo DPP4. Kwa ngamia, protini hiyo imejaa kwenye ngozi laini ya ndani ya pua. Kwa binadamu imejaa chini kabisa, kwenye vifuko vya mapafu. Kwa sababu hiyo ngamia hupata mafua na mtu hupata homa ya mapafu inayoua. Kwa sababu hiyo hiyo ngamia humwambukiza mwenzake kwa chafya, ilhali binadamu, ambaye kirusi chake kiko kwenye kina cha kifua, huambukiza kwa shida, mara nyingi ndani ya hospitali, ambako mipira hushushwa kooni na wauguzi huinama juu ya vitanda. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyezunguka nchi za Ghuba alirudi Korea Kusini na kirusi hicho. Kabla mlipuko haujazimwa watu 186 walikuwa wameambukizwa na 38 kufa, lakini ulizimwa, na haukurudi. Uchambuzi wa jenomu za kirusi kutoka kwa watu na ngamia, uliochapishwa mwaka 2018, ulihesabu kwamba kirusi kimeruka kutoka kwa ngamia kuja kwa watu mara mamia, na kila mara mnyororo wa kibinadamu ukakatika. Uchambuzi huo uliona pia kwamba kuruka huko huongezeka kati ya Aprili na Julai. Msomaji anayehesabu miezi 5 au 6 tangu ndama azaliwe msimu wa baridi atafika kalenda ile ile.

Mpinzani wa kwanza atasema nimeharakisha. Nyati nao, atasema, walidhaniwa hivyo hivyo kabla ya mtu kukwangua koo zao. Huenda kirusi cha MERS kimejificha kwenye tezi ambazo hakuna aliyezichunguza. Ni pingamizi la haki na sitalicheka. Kutokuona kitu hakuthibitishi kwamba hakipo. Lakini hoja ya maficho lazima ibebe mzigo wake: mnyama aliyeficha kirusi lazima siku moja akitoe, la sivyo maficho hayana maana kwa uhai wa kirusi. Kwa Ebola tumeuona mtoko huo, na jenomu yake iliyosimama mahali pamoja kwa miaka ndiyo iliyowataja waliohusika. Jenomu za MERS kutoka kwa ngamia hazisimami. Zinaendelea kukusanya mabadiliko, na tena hukatana na kuungana: ngamia mmoja hupata aina mbili kwa wakati mmoja, na kizazi kinachotoka huwa na kichwa cha huyu na mkia wa yule. Kirusi kilichozuka Korea kilikuwa cha ukoo wa mchanganyiko wa namna hiyo. Jenomu za kirusi zilizosomwa kutoka kwa ngamia 109 Abu Dhabi zilionyesha aina kadhaa zikizunguka kwa pamoja. Haya ni maisha ya soko lenye shughuli. Kirusi kilicholala hakichanganyikani na mwenzake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limenilazimisha kuipunguza makali hoja yangu. Kama ngamia wazima karibu wote wana kingamwili, na kama ni ndama peke yao wanaolisha moto, basi kundi dogo lingeishiwa kama Faroe ilivyoishiwa. Idadi ya ngamia katika Falme za Kiarabu ni laki kadhaa, waliotawanyika kwenye mazizi mengi. Wanatosha kweli? Hapa surua na MERS zinaachana njia. Mtu aliyeugua surua hapati tena. Ngamia aliyeugua MERS aweza kupata tena. Katika shamba moja la Al-Ahsa, Saudi Arabia, mwishoni mwa mwaka 2013, kirusi kilipatikana kwa wanyama waliokuwa tayari na kingamwili. Kinga ya puani huchakaa mapema kuliko ile ya kwenye damu. Kwa hiyo ngamia mkubwa si ukuta, ni pazia. Kirusi hupitia humo mara chache, kwa muda mfupi, kwa kiasi kidogo, na hizo mara chache zinatosha kuvusha moto kutoka msimu mmoja wa ndama hadi mwingine. Nakubali, basi, kwamba ndama hawafanyi kazi yote. Ila pazia hilo bado si maficho. Kila anayeambukizwa upya ameambukizwa na mwingine, wala hakuna aliyekitoa kirusi sandukuni mwake.

Watu nao huongeza mwendo. Ngamia wa Dubai hakai jangwani akisubiri wageni. Yuko kwenye kiwanja cha mbio cha Al Marmoom, ambako wanyama hupangwa kwa rika na wale wadogo hukutanishwa kutoka mazizi ya mbali. Yuko kwenye maonyesho ya urembo, mnadani, kwenye lori, machinjioni. Jangwa la kale liliyatenga makundi kwa siku nyingi za safari, na siku hizo zilikuwa nyingi kuliko siku saba za kirusi. Lori huivuka nchi kwa saa chache. Sisemi mbio zifutwe, maana ni urithi wa watu wa huko na ajira ya wengi, wakiwemo Wasudani na Wapakistani wanaowalea ngamia hao. Nasema tu kwamba kirusi kinachokaa siku saba kwa mwenyeji hupima umbali kwa siku, na barabara ya lami imezifupisha siku zake.

Na hapa ndipo tunapoguswa sisi wa upande huu wa bahari. Tangu mwanzo palikuwa na sauti zilizosema kwamba ugonjwa unaletwa na ngamia wa Afrika. Msingi wa madai hayo upo. Pembe ya Afrika ina ngamia wengi kuliko eneo jingine lolote duniani, na meli za mifugo hutoka Berbera na Bosaso kwenda Ghuba mwaka mzima. Sampuli 189 za kale kutoka Misri, Sudan na Somalia, za kuanzia mwaka 1983, zilipopimwa, asilimia 81 zilikuwa na kingamwili. Nchini Kenya, kati ya sampuli 774 za mwaka 1992 hadi 2013, karibu theluthi zilikuwa nazo, hasa kutoka maeneo yenye ngamia wengi. Kirusi, basi, ni cha zamani kwetu. Tena hofu ya mifugo ya Afrika ina historia: mwaka 2000 Homa ya Bonde la Ufa ilivuka bahari ikaua watu Jizan, Saudi Arabia, na Yemen, na wafugaji wa Somalia walilipa kwa marufuku ya miaka mingi. Lakini kwa MERS mashtaka hayasimami yalivyo. Virusi vya ngamia wa Afrika ni tawi lao peke yao, tofauti na tawi linalotawala Uarabuni. Watafiti walipowafuatilia ngamia wa Afrika walioingizwa Saudi Arabia pamoja na wale wenyeji, hawakukuta tawi la Afrika limeshika mizizi huko. Kilichozunguka ni kirusi cha Uarabuni, kwa wenyeji na kwa wageni. Kwa mwanga wa hoja yangu hilo si la kushangaza. Ngamia mzima anayesafirishwa ameshaugua utotoni na kupona. Anashuka bandarini na kingamwili, bila kirusi. Angekuwa mbebaji kwa maana ile ya nyati, miongo yote hii ya meli ingetosha kulijaza tawi la Afrika kila zizi la Ghuba.

Mtu aweza kuuliza, kama kirusi kiko kwetu, wagonjwa wetu wako wapi? Duniani wameripotiwa wagonjwa zaidi ya 2,600 katika nchi 27, zaidi ya theluthi yao wakafa, wengi mno Saudi Arabia. Falme za Kiarabu zilikuwa na wagonjwa 94 na vifo 12 kufikia Julai 2023. Kwetu karibu hakuna. Kaskazini mwa Kenya, wachungaji wa ngamia 262 walifuatiliwa kati ya 2018 na 2020, na kirusi kikapatikana kwa watatu tu, wote wazima wasio na dalili. Sehemu ya jibu ni kirusi chenyewe: kwenye vipimo vya maabara tawi la Afrika hukua kwa uvivu zaidi katika mapafu ya binadamu kuliko tawi la Uarabuni. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba hatutafuti. Hospitali ngapi za Wajir au Mandera humpima MERS mchungaji anayekohoa?

Faida ya kujua makazi ya kirusi inaonekana tukikumbuka sotoka. Kirusi hicho, jamaa wa karibu wa surua, kilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha Wamaasai na njaa. Hakikuwa na maficho: ng'ombe alikufa au alipona na kinga ya maisha. Chanjo ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ilikata mnyororo kundi kwa kundi, mlipuko wa mwisho ukaonekana kwa nyati wa hifadhi ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. MERS haina maficho pia, na hapo ndipo penye tumaini. Lakini kinga yake huchakaa, na hapo ndipo penye kikomo. Chanjo zilizojaribiwa kwa ngamia zimepunguza kirusi kinachotoka puani, hazikukimaliza. Sitarajii kufutwa kwake. Kupungua kunawezekana, iwapo chanjo itamlenga ndama ngao ya dang'a inapoisha na kabla mkupuo haujamfikia, dirisha jembamba ambalo wataalamu wa Dubai wenyewe wamelionyesha. Wametaja na njia isiyohitaji sindano: kuchelewesha kuwatenga ndama na mama zao. Ndama anayebaki na mama yumo kati ya wakubwa wenye kinga. Anayetengwa mapema hutiwa zizi moja na wenzake wasio na ngao, halafu huja mtu kuwalisha kwa mkono. Ninachokipinga waziwazi ni kupima na kuchinja. Kipimo kikitoa jibu kwamba ngamia ana kirusi, siku saba zake zimeshaanza kuisha. Utaua mnyama ambaye kesho angekuwa ukuta, au walau pazia.

Limebaki bakuli la maziwa. Ngamia hashushi maziwa kwa mgeni. Mkamuaji wa jadi, awe wa Qatar au wa Isiolo, Kenya, humleta ndama kwanza anyonye, maziwa yakishuka humsogeza kando na kukamua chuchu zile zile zilizolowa mate. Mwaka 2014 RNA ya kirusi hiki ilikutwa kwenye maziwa mabichi huko Qatar, yaliyokamuliwa kwa desturi hiyo, na haikuwezekana kusema kama ilitoka kiweleni au mdomoni mwa ndama. Kwa mnywaji hakuna tofauti. Nyuzijoto 63 kwa nusu saa hukiua kirusi kabisa. Maziwa yanayouzwa kwenye chupa madukani Dubai yameshapitishwa motoni. Yale ya zizini, na yale yanayofika Eastleigh, Nairobi, kwa madumu kutoka Isiolo, yachemshe mwenyewe, na hasa miezi ambayo ndama wana miezi sita.